Kamba za Upande wa Barabara

Bi Nweira hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dukani kwa mpwa wake Saud, alifunga kila kamba kwenye nguzo ya mlango, akalisukuma fundo lipande, kisha akavuta kwa nguvu zake zote. Kwenye ile nyembamba inayong'aa, fundo lilimtoroka.

"Huu utelezi mtupu! Upepo ukivuma, turubai litafika Aqaba kabla yangu."

"Basi chukua hii nyeusi, shangazi. Nyepesi kama unyoya, na fundo linashika."

Akaivuta, ikashika. Magoti yake hayakuweza tena kubeba hema la manyoya nyuma ya kundi la mbuzi. Turubai na kamba nyepesi vingemtosha. Lakini akaongeza vipande viwili vya kamba nyeupe, nene na nzito zaidi.

"Nyeupe ya nini tena?"

"Mgeni akijikwaa kwenye kamba zangu gizani, aibu utaibeba wewe?"

Saud akacheka. "Mgeni gani huko? Hata fisi hapajui!"

"Funga mdomo, funga mzigo."

Malishoni akatandaza turubai, akazikaza kamba nyeusi pande tatu. Upande unaotazama barabara akafunga zile nyeupe, akarudi nyuma hatua kadhaa kuzitazama. Kisha, kama kila siku, akatundika kwenye nguzo ya turubai miwani ya mwanawe Mufleh, aliyeondoka mwaka juzi kwa hasira, hata akaisahau.