Kahindo Alikuja Kuchukua Majibu Yake

Ninayoyaeleza hapa sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote, tumbo limeshiba na jua likiwaka. Nataja jua kwa sababu watu wakisikia habari za wafu huuliza kwanza ilikuwa saa ngapi usiku. Haukuwa usiku. Ilikuwa Ijumaa mchana, siku ya soko pale Mpondwe, mpakani na Kongo, na honi za malori zilikuwa zinaingia dirishani.

Wakati huo nilikuwa nasomea kazi ya maabara. Ilikuwa miaka michache kabla watu hawajaanza kupimwa joto mpakani kwa hofu ya magonjwa ya kuambukiza. Kwetu ni Kasese mjini. Baba alikuwa dereva wa lori, akibeba saruji kutoka Hima, na Kiswahili hiki alikiokota njiani akatuletea nyumbani. Chuo kilinipeleka Bwera kufanya mazoezi kwenye hospitali ndogo ambayo jina lake nitaliacha. Mkuu wa maabara alikuwa Haji Siraji, mtu mpole, mwenye subira na wanafunzi. Nilikuwa nimefika sehemu ya masomo niliyoipenda kuliko zote, ile ya bakteria na fangasi wanaowaletea watu magonjwa. Unajua inavyokuwa mtu anapoanza kujifunza mambo hayo? Kila anayekupa mkono unawaza kilichomo kwenye kiganja. Unamwona binadamu kama nchi yenye wakazi wasiohesabika, wengi wema, wachache wauaji, na yeye mwenyewe hana habari.

Juma lile tulikuwa tumeletewa maji ya uti wa mgongo ya mwanamke kutoka Butembo, Mkongomani aliyekuwa akileta vitenge na mawese soko la mpakani. Alikuwa ameumwa kichwa kwa muda mrefu, halafu akaanza kuchanganyikiwa, akawa hawatambui hata watu wake. Tulitafuta bakteria, hatukuona kitu. Wino mweusi wa kutafutia fangasi ulikuwa umekwisha, tukawa tunausubiri kutoka mjini. Mimi sikuwahi kumwona mgonjwa mwenyewe. Sisi watu wa maabara huwa tunawajua watu kwa chupa zao.

Wino ulifika asubuhi ya Ijumaa ile. Haji alipokuwa anajiandaa kwenda msikitini aliniambia nichukue yale maji yaliyobaki kwenye friji nijifunzie, akirudi atatazama nilichopata. Nikabaki peke yangu. Nikaweka tone la maji kwenye kioo, tone la wino juu yake, nikafunika. Kabla sijainama kutazama, nikahisi mtu mlangoni.

Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa kitenge safi, kichwa amekifunga kitambaa cha buluu kwa nguvu, fundo likiwa kwenye paji la uso, kama wanavyofanya watu wanaoumwa kichwa. Nikamsalimia. Akaitikia kwa Kiswahili cha ng'ambo, sauti ya chini.

Akasema, "Nimekuya kuchukua majibu yangu. Naitwa Kahindo."

Jina lile ndilo lililoandikwa kwenye chupa iliyokuwa mkononi mwangu. Nikamweleza kwamba majibu huenda kwa daktari, yeye ndiye anayemwambia mgonjwa. Nikamwomba akae. Hakukaa. Akasema anakwenda mbali, mimi nitazame tu.

Utaniuliza, hukushangaa? Mgonjwa wa namna ile hatembei peke yake. Lakini nilikuwa mwanafunzi, niamini, na nilifurahi kupata mtu wa kumwonyesha ninachokijua. Nikainama.

Kitu hiki nilikuwa nimekiona kitabuni tu. Kila mahali palikuwa peusi, na katika weusi ule walikuwepo fangasi, wa mviringo, kila mmoja katikati ya duara jeupe linalong'aa, wengine wakichipusha mtoto ubavuni. Nilisahau adabu ya kazi. Nikamwambia nimewaona. Akaomba atazame.

Hadubini yetu ilikuwa ya zamani, ya jicho moja. Mtu anayeitumia mara ya kwanza haoni chochote zaidi ya kope zake mwenyewe. Mimi ilinichukua siku kadhaa. Yeye aliweka jicho la kushoto, akatulia, akaona papo hapo.

"Beko mingi," akasema. "Na kila moya iko na nyumba yake."

Akauliza kama hao ndio wanaomuumiza kichwa. Nikamwambia ndiyo, ni fangasi, wanakaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha njiwa, mtu anawavuta kwa pumzi bila kujua, na mwili ukiwa hauna nguvu wanapanda hadi kwenye ubongo.

"Si mutu alinitilia mu chakula?"

"Hapana mama. Hii haiwekwi mu chakula. Si kazi ya mutu."

Kisha akauliza, "Na dawa iko?"

Hapo nilifurahi kweli, kwa sababu hilo ndilo jibu ambalo kila mtu wa kazi yetu hupenda kulitoa. Nikamwambia, "Iko, mama. Daktari atakuanzishia leo leo."

Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayekuletea mbio kitu ulichokihitaji jana.

"Kumbe iko," akasema. Halafu, "Uambie ndugu yangu Paluku. Umuambie bamuache Zaina."

Nikainama tena kuhakikisha. Nilipoinuka kumuuliza Zaina ni nani, hakuwepo. Nikatoka kwenye korido. Mama wa usafi alikuwa anapiga deki, sakafu yote imelowa hadi kizingitini kwetu, na hapakuwa na alama ya wayo hata mmoja. Nikamuuliza aliyepita ameelekea wapi. Akasema hajapita mtu.

Haji aliporudi nilimweleza yote kwa pamoja, fangasi na mwenye fangasi. Akatazama kioo, akamshukuru Mungu, akanisifu. Kisha akauliza nani alikuja. Nilipotaja jina na lile ombi la Zaina, alivuta kiti akaniketisha.

Kahindo alikuwa amefariki usiku wa siku ile ile aliyotolewa maji. Nduguze walimvusha daraja la mpakani wakamzika kwao. Na Zaina alikuwa rafiki yake, mfanyabiashara Mwislamu wa hapo Bwera, ambaye Haji alimfahamu vizuri. Kila mkesha wa soko Kahindo alikuwa analala kwa Zaina na kula naye sahani moja. Alipoanza kuchanganyikiwa, familia ilisema Zaina amemtilia sumu ili abaki na wateja. Vijana wa familia walikuwa wameshamwaga vitu vya Zaina sokoni, na walikuwa wameapa kwamba matanga yakiisha watarudi kuichoma nyumba.

Sikulia. Niliichukua ile chupa nikalisoma jina upya.

Haji alipeleka kioo kwa daktari, na daktari akamwita Paluku, kaka wa marehemu, ambaye alikuwa amerudi Bwera kukusanya mali za dada yake. Alikuja kesho yake. Daktari alimweleza kwa utulivu. Yeye alikunja mikono kifuani. Njiwa? Udongo? Wakampa hadubini, akaona kope zake. Akatutazama, Haji na kofia yake, mimi na mtandio wangu, akasema nyinyi ni wa dini moja na yule mwanamke, mnamficha.

Haji alikuwa amenionya nisiseme. Lakini nilimwona yule mtu anageuka kuondoka, nikajua anakokwenda, nikasema. Nikamweleza kila kitu, kitambaa, sauti, maneno. Alisimama mlangoni akiwa ametupa mgongo.

"Alitazama na jicho gani?" akauliza.

"La kushoto."

Akarudi, akakaa chini sakafuni. Siku za mwisho, akatuambia, jicho la kulia la dada yake lilikuwa limekufa kabisa, haoni hata mwanga. Mimi ningelijuaje? Kwenye chupa hapaandikwi macho.

Mtu ambaye hakukubali kioo alikubali hilo. Nimeliwaza jambo hili miaka yote na bado sijalimaliza. Baadaye aliomba kutazama tena, na Haji akamfundisha polepole namna ya kuweka jicho, mpaka akaona. Akatazama muda mrefu, machozi yakimtoka kimya kimya. Jioni hiyo alikwenda na Haji hadi walipokuwa wale vijana, akawaambia waache. Wakaacha.

Nyumba ya Zaina haikuchomwa, lakini hakurudi sokoni. Alihamia kwa kaka yake, kijijini Karusandara, analima mahindi. Niliwahi kumtembelea. Alinipikia, kisha akakaa akiutazama mkono wangu unapokwenda mdomoni, na mimi nikala kila kitu mpaka sahani ikawa nyeupe.

Mimi nilifaulu, nafanya kazi upande wa Kilembe. Watu huniona mtu wa kawaida. Ila milango ya maabara siipi mgongo, na mtu akija mwenyewe kuulizia majibu, ninamshika mkono kwanza nione kama una joto.

Wewe unayenisikiliza, nina haya ya kukuambia. Kichwa kinachouma wiki baada ya wiki si cha kufungia kitambaa. Mpeleke mwenye nacho akapimwe wakati bado anakujua jina. Na akikufia mikononi, usiutafute mkono uliompikia kabla hujauliza alikufa na nini. Kahindo alirudi kumtetea rafiki yake. Sidhani kama kila maiti hupewa ruhusa hiyo.