Walisema Kifua

Dada yangu ni msuka makuti. Tangu tulipokuwa wadogo hapa Munje, mikono yake haikujua kukaa bure, na hoteli kadhaa za Diani zimeezekwa kwa kazi yake. Ndiyo maana basi lilipokuja kutuchukua wanawake wa kijiji kwenda Diani kwenye matembezi ya saratani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Alitaka kuyaona makuti yake yalivyokaa juu ya nyumba za watu.

Tuligawiwa fulana za rangi ya waridi. Tukazivaa juu ya madira yetu, tukatembezwa kando ya barabara kwa matarumbeta, na watalii wakatupiga picha. Kisha tukaketishwa kwenye banda la hoteli na mama mmoja mgeni, aliyevaa vizuri na kunukia vizuri, akashika kipaza sauti. Alizungumza Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mkalimani alikuwa mwanamume mmoja wa mapokezi ya hoteli, mtu wa kwetu, aliyelelewa kwa adabu za kwetu. Mbele ya wanawake wote wale, wengine umri wa mama yake mzazi, neno lenyewe lilimshinda. Kila mara yule mgeni alipotaja titi, yeye alisema kifua.

"Mama zangu, saratani ya kifua ni hatari. Ukiona mabadiliko kifuani, usikae nayo nyumbani."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alimwuliza mwenzake, "Hicho kifua ni hiki cha kukohoa?"

"Ndicho hicho. Kuna kingine?"

Mimi Kiingereza changu cha shule kilinitosha, nikajua kinachosemwa. Niligeuka nikawaambia wale wawili, wakafunika nyuso zao kwa leso wakacheka. Dada yangu alikuwa ameketi safu za mbele, akitazama makuti ya paa.

Mwishoni bibi mmoja alinyanyua mkono akauliza ni nani atakayetupima. Yule mama mgeni alitafsiriwa swali, akatabasamu, na jibu likaja: "Leo ni uhamasishaji tu, mama. Vipimo ni mpango mwingine." Tukapewa soda na keki, tukapigwa picha ya pamoja, tukarudishwa kwetu.

Mimi ni mshoni. Nina chumba changu Msambweni, na miezi kadhaa baadaye dada alikuja nimpime gauni la harusi ya bintiye. Nilipoupitisha utepe kwapani alinishika mkono.

"Hapo kadiria tu," akasema.

"Nitakadiriaje, dada? Gauni la mama wa bibi harusi litakaa kama gunia."

Nilifunga mlango nikamvua dira. Ziwa lake la kushoto lilikuwa limevutika upande, na ngozi yake imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Nilipogusa, chini yake palikuwa pagumu kama kokwa.

"Hiki ni nini?"

"Kijipu. Hakiumi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mama mkwe anasema ni kijicho cha watu kwa ajili ya harusi. Nafukiza ubani."

"Lakini dada, tulikwenda Diani pamoja. Wakati huo ulikuwa nacho tayari?"

"Nilikuwa nacho."

"Na hukusikia waliyoyasema?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Walisema kifua. Mimi sikohoi."

Niliketi juu ya kiti cha cherehani. Sikumlilia wakati ule. Nilikuwa na hasira iliyonikausha machozi. Mwanamke alikuwa amekaa mbele ya kipaza sauti, amevaa fulana yao, uvimbe umo ndani ya fulana hiyo hiyo, na akarudi nyumbani ametulia kwa sababu watu waliokuja kumwokoa walikuwa wameona haya.

Kesho yake tulikwenda zahanati. Muuguzi alimshika kidogo tu, uso ukambadilika, akatuandikia twende hospitali. Huko hospitali tulikaa benchi asubuhi nzima mbele ya bango la waridi lenye picha ya mwanamke wa Kizungu anayecheka, maandishi yake yote Kiingereza. Hatimaye tukaambiwa kwamba mashine ya kupiga picha ya matiti ipo, lakini anayejua kuitumia hayupo.

"Atarudi lini?" niliuliza.

"Hajaletwa bado. Nendeni Mombasa."

Walisema Mombasa kama mtu anayekuelekeza duka la jirani. Dada hakuwahi kulala nje ya nyumba yake ila kwa msiba au uzazi. Mumewe, ambaye ni mkwezi wa minazi na mtu wa maneno machache, alisikiliza habari zote amesimama, kisha akasema, "Mpeleke. Nyumba nitaiangalia mimi." Mama yake alinung'unika kwamba mwanamke hafunuliwi na madaktari wanaume, naye akamjibu kwa upole, "Mama, nani mwingine amejitokeza?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Ng'ambo ya kivuko tulipimwa, dada akatolewa nyama kidogo kwa sindano, tukarudi tena kuchukua majibu. Daktari alikuwa kijana, mwenye haraka. Alisoma karatasi, akavua miwani.

"Ni saratani, na imekomaa. Mbona nyinyi watu wa huko Kwale hupenda kuchelewa hivi?"

Dada aliinamisha kichwa kana kwamba amefumaniwa. Hapo ndipo nilipozungumza, na sauti yangu ilisikika hadi nje ukumbini.

"Daktari, huyu hakuchelewa. Alipoitwa alikwenda, akavalishwa fulana, akatembezwa juani. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemwambia anatafuta nini. Amekwenda zahanati, amekwenda hospitali, akaambiwa mashine haina mtu. Huko kote tumepita tukaja kwako. Sasa uliza tena ni nani aliyechelewa."

Nitamstahi kijana yule kwa jambo moja: hakunijibu kwa ukali. Alivuta kiti, akaketi upande wa dada, akamweleza upya, taratibu, neno kwa neno. Dawa za mshipa kwanza, kisha upasuaji, kisha mionzi. Dada aliuliza swali moja tu, "Harusi ya mwanangu nitaiwahi?" Akaambiwa ataiwahi, na aliiwahi. Alikaa kitini amejifunga kilemba kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha, na gauni nililomshonea lilikuwa kubwa, kwa maana alikuwa amekonda kuliko vipimo vyangu.

Baada ya harusi walilikata ziwa. Kidonda kilipopona nilimshonea mto mdogo wa pamba laini wa kuvaa ndani ya sidiria. Alipouvaa mara ya kwanza alijitazama kwenye kioo changu kwa muda mrefu. "Afadhali," akasema, "sasa nikibeba makuti sipindi." Tulicheka mpaka wateja wakachungulia.

Msimu wa matembezi ulipokaribia tena, watu wa Diani walimfuata nyumbani. Safari hii yule mama mgeni alikuja mwenyewe, pamoja na mpiga picha na mkalimani yule yule wa hotelini. Walikuwa wamesikia kwamba Munje kuna aliyenusurika. Walimtaka apande jukwaani, asimame kati ya wafadhili, apungie watu mkono.

"Niseme nini?" dada aliuliza.

Mkalimani akatafsiri jibu. "Si lazima useme kitu, mama. Watakuona tu."

Nilitaka kufungua kinywa, lakini dada aliweka chini kuti alilokuwa akisuka. "Waambie siji. Wakitaka kunipiga picha, waje hapa kwetu na wauguzi wanawake, watu wapimwe. Tena nitakayezungumza ni mimi, si wewe, baba. Wewe una adabu nyingi."

Yule bwana alitazama chini. Sijui alitafsiri nini, lakini mazungumzo ya Kiingereza yalirefuka, na mwisho wakakubali, kwa uso wa watu waliobebeshwa mzigo.

Walituletea wauguzi wawili. Tuliomba chumba cha madrasa siku isiyo ya masomo, tukatundika leso mlangoni na madirishani. Wanawake walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, wengine kutoka mashamba ya mbali, wakajaa uani. Dada alishika kipaza sauti, akawasalimu wakubwa kwa shikamoo, kisha akalitaja lile neno. Akalitaja kwa Kiswahili, ziwa, akalitaja na kwa Kidigo, hombo, asije mtu akasema hakuelewa. Buibui zikapanda kufunika nyuso. Yeye akaendelea. Akaeleza uvimbe wake ulivyokuwa, ulivyokuwa hauumi, na jinsi ya kujipapasa ukiwa umeoga. Pole pole nyuso zikafunuka, na maswali yakaanza, yakawa hayana mwisho.

Ndani, nyuma ya leso, wachache walikutwa na vivimbe wakaandikiwa waende wakapimwe zaidi. Mmoja wao ni jirani yangu. Uvimbe wake ulikuwa mdogo, ukatolewa, sasa yu mzima. Lakini jua lilipopungua, gari la wauguzi likapiga honi. Walikuwa wametakiwa Diani kujiandaa kwa matembezi ya kesho. Wakakusanya glavu zao na uani bado pamejaa watu. Muuguzi mmoja, mwenye huruma usoni, aliwaambia waliobaki, "Mtaitwa."

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini tangu asubuhi, amenyoosha miguu, alimtazama.

"Nitaitwa na nani, mwanangu?"

Muuguzi akapanda gari. Dada akamshika bibi mkono, akamwinua, akampeleka ndani nyuma ya leso. "Mimi si muuguzi," nilimsikia akimwambia, "lakini najua kivimbe kinavyokuwa. Ngoja nikuonyeshe utakavyojishika." Wengine wakainuka wakawafuata.