Shangazi na Wageni wa Jumapili

Watoto walimwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa na undugu naye. Alikuwa mlezi katika nyumba ya huduma ya kanisa iliyopokea yatima waliokimbia vita, na kazi yake aliipenda. Kilichomkera ni wageni wa Jumapili. Kila walipokuja, mchungaji alimsimamisha mtoto mmoja mbele yao aeleze jinsi wazazi wake walivyouawa. Wageni walilia, wakapiga picha, wakaenda zao. Kesho yake Shangazi alikuta vitanda vimelowa, hata vya wale wakubwa, akafua mashuka mpaka vidole vikamchubuka.

Jumapili moja mchungaji alimwita binti mdogo ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kucheka tena. Shangazi akamshika mkono yule binti.

"Huyu haendi, Baba Mchungaji."

"Shangazi, hawa ndio wanaotulisha. Unataka watoto wale mawe?"

"Si uwaonyeshe jiko? Waonyeshe na paa linavyovuja. Kidonda cha mtoto si cha maonyesho."

Mchungaji aliguna, akawageukia wageni kwa tabasamu, kisha akamwita mtoto mwingine. Huyo akasimama, akaanza kusimulia.

Shangazi alitoka nje, binti kang'ang'ania sketi yake. Mmoja kamwokoa, na yule aliyebaki ndani je? Akasimama barazani, akamwomba Mungu amsamehe kwa yote aliyokuwa akimwazia mtumishi wake.