Golfu kwa Ajili ya Mama Mkwe

Nilianza kucheza golfu nikiwa na miaka arobaini na kitu, na nilianza kwa ajili ya mama mkwe. Nikisema hivyo watu hudhani natania. Mimi ni mtu wa utani, sikatai, ila hapo sitanii.

Mwaka ule Kolwezi, mji wetu wa migodi, ilikuwa imegeuka. Kazi za migodini zilikuwa zimekufa, nasi tulikwenda ofisini kukaa tu na kutazama kutu ikila mashine. Kana kwamba njaa haikutosha, ukaanza wimbo wa kuwafukuza watu wenye asili ya mkoa wa Kasai. Warudi kwao, wakaambiwa, hata wale waliozaliwa hapahapa mjini, mtaa wa Musonoi, na ambao huko kwao hawakuwahi kukanyaga. Vijana wa chama kilichotawala mkoa walipita nyumba kwa nyumba na marungu. Baba yangu alikuwa Msanga, kabila la wenyeji, kwa hiyo mlango wangu hawakuugusa. Mke wangu ni wa Kasai. Walimwacha kwa sababu yangu, lakini akienda sokoni alifuatwa mpaka sokoni, na akirudi alifuatwa mpaka mlangoni.

Ndugu zake wote walikwenda kituoni kungoja treni, na kungoja kwenyewe kulikuwa kunaua watu. Walilala kwenye saruji, wakanyeshewa, wakanywa maji machafu. Mama mkwe alikuwa na mguu uliovimba na homa isiyoisha. Mke wangu aliniambia waziwazi kwamba mama yake akingojea pale, atafia pale. Tukakubaliana na shemeji zangu afichwe mpaka treni ije kweli. Kabla hawajahamia kituoni, wakambeba wakampeleka kwenye kibanda kilichokuwa cha mashine ya kukatia majani, mwisho kabisa wa uwanja wa golfu, mahali ambapo vichaka vilikuwa vimerudi tangu Wazungu waondoke.

Sasa chakula angepelekewa na nani? Mke wangu alikuwa na mkia nyuma yake. Nilibaki mimi, na karani wa ghala ana shughuli gani kila alasiri porini na sufuria mkononi?

Mkubwa wetu wa ofisi, alipokimbia kurudi Ulaya, alikuwa ameniachia mfuko wake wa fimbo za golfu. Ulisimama nyuma ya mlango, tunautundikia makoti. Mke wangu ndiye aliyeutazama kwanza.

"Ule mufuko," akasema, "sufuria inaingia?"

Iliingia, na chupa ya maji juu yake.

Pale klabu walikuwa wamebaki wachezaji wachache. Mkubwa wao alikuwa fundi wa gereji, mzee mwembamba aliyefurahi kupata mwanafunzi mpaka nikamwonea huruma. Vijana wa chama nao walikuwa wameigeuza baraza ya klabu kuwa mahali pao pa bia. Hawakunishuku hata kidogo, kwa sababu nilikuwa sijui kitu.

"Tata," fundi aliniambia, kama kusema baba, "unapiga kama mutu anaua nyoka."

Kutojua huko kulikuwa ngao yangu. Kwenye shimo la nne, jirani na kile kibanda, nilipiga, mpira ukaruka upande kuelekea vichakani, nami nikabeba mfuko wangu nikaenda kuutafuta. Wenzangu walingoja mbali wakicheka. Nani ataingia kwenye nyasi ndefu kwa ajili ya mpira wa mtu mwingine?

Kwetu mama mkwe ni heshima nzito. Humtazami usoni, huli naye, hamgusani. Tangu nilipooa, mama huyu hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Basi niliweka sufuria ya ugali na kisamvu mlangoni, nikageuza mgongo, nikakohoa. Yeye akazungumza na mlango.

"Wee mulango, ambia ule mwenye kuleta bukari, sombe ya jana haikukuwa na chumvi."

Nami nikazungumza na mfuko. "Wee mufuko, ambia mama chumvi iko nguvu kupata ku soko."

Wangetukuta wangetuua wote wawili, na bado kicheko kilinibana. Hata kwenye shida ile mama aliujua upishi.

Lakini mazoea yana taabu. Yule fundi alinirekebisha kiwiko, akanirekebisha miguu, na bila mimi kutaka, mkono wangu ukaanza kusikia. Siku moja, kwenye shimo la nne, nilipiga nikasikia mlio ambao nilikuwa sijawahi kuusikia. Mpira ulipaa, ukanyooka, ukaenda kutua katikati ya uwanja, mbali kabisa na vichaka. Vijana wakapiga makofi barazani. Fundi alivua kofia. Mimi machozi yalinilenga, wakadhani ni furaha. Siku iliyotangulia mvua ilikuwa imenizuia, na mama alikuwa hajala.

Baya zaidi, wote wakashuka kunisindikiza waone pigo la pili. Nilielekeza mpira vichakani kwa makusudi; ukanyooka tena katikati ya uwanja. Nilijilaani mimi, nikamlaani fundi na Mzungu aliyeniachia fimbo zile. Pigo la tatu nililipiga kwa hasira yangu yote, macho nimefumba, na mpira ukagonga kichuguu ukaruka hadi vichakani.

Fundi alishika kichwa. "Tata, ugonjwa yako ilisharudia."

Vijana walicheka mpaka wakachoka, wakarudi kwenye bia zao. Nilikwenda kwa haraka, nusura nikimbie. Nilipofika sikukumbuka hata kukohoa.

"Wee mulango," nikasikia kutoka ndani, "ambia ule mutu leo alikawia."

Alikuwa hai na alikuwa analalamika. Nikakaa chini, mgongo ukutani, mpaka alipomaliza kula.

Hatimaye treni ikaja kweli. Shemeji alituma habari kwamba wanapakia na itaondoka jioni ileile. Nilikuwa na rafiki, Mwislamu mwenye lori, mchuuzi wa samaki; alikubali kungoja barabarani upande wa pili wa vichaka. Tatizo lilikuwa mguu wa mama. Hakuweza kufika barabarani mwenyewe.

"Wee mufuko," nikasema nikiwa nimegeuka, "ambia mama leo ni lazima nimubebe."

Akajibu: "Wee mulango, ambia ule mutu, mukwe habebake mama ya bibi yake. Heri nifie hapa."

Tukabishana hivyo, mfuko na mlango, mpaka lori likapiga honi. Uvumilivu ukaniisha.

"Wee mufuko, ambia mama mutoto yake eko ku nyumba, analia. Nikirudia peke, nitamwambia nini?"

Nikasikia kitambaa kikivutwa. "Wee mulango, ambia ule mutu afunge macho."

Nikafumba. Alijifunika uso kwa kitenge, akanishika mabega, nikambeba mgongoni kwenye nyasi, nikifumbua jicho moja tu kwa ajili ya mashimo. Alikuwa mwepesi mno, na wepesi ule uliniuma kuliko uzito. Nikampandisha lorini, tukaenda naye mpaka kituoni.

Wanawe walimpokea wakamwingiza behewani. Mimi nilisimama kando, uso nimeugeuza, kama inavyotakiwa. Treni ilipoanza kujivuta, alitoa kichwa dirishani, akakifunua.

"Mwana yangu," akaita, "angalia hapa."

Nikamtazama. Paji la uso lilikuwa la mke wangu kabisa.

"Enda kwa mutoto yangu. Usimuache."

Alifika salama, madereva wa lori walituletea habari baadaye, na mguu ulipona. Ila jioni ile hatukuyajua hayo. Nilimkuta mke wangu amesimama mlangoni.

"Alipanda?"

"Alipanda."

"Alisema kitu?"

"Alisema."

"Alipitishia kwa kitu gani? Kwa mulango?"

"Kwa kitu hapana. Aliniita mwana, nikamuangalia."

"Mwana wake," mke wangu akasema. "Basi, tata, sasa na weye uko mutu wa Kasai. Banaweza kukufukuza."

Akacheka, mara ya kwanza tangu ndugu zake waondoke, nami nikacheka naye mpaka tukashikana. Kisha tukaingia ndani tukala.