Matundu Yaliyomchagulia Vroni Bunduki

Walburga Hintermaier, ambaye kijiji kizima cha Oberwinkl kinamwita Burgl, hajafyatua bunduki hata mara moja maishani mwake. Pengine ndiyo maana anaijua shabaha kuliko wote waliofyatua.

Alipoolewa mwaka wa sabini na mbili, wanaume wa chama cha kulenga shabaha walikaa kikao na kukata shauri kwamba mwanamke kushika bunduki ni mkosi. Wakampa kalamu. Akaketi karibu na jiko la kuni, kwenye ukumbi ulio juu ya baa, wao wakilenga naye akihesabu matundu ya risasi kwenye kadi za shabaha. Miaka michache baadaye wanawake waliruhusiwa, kwa hotuba ndefu na bia nyingi. Lakini hakuna aliyemwambia Burgl aiweke kalamu chini, naye hakuwa mtu wa kuomba.

Basi akasoma kadi. Wengine husoma magazeti, yeye alisoma matundu. Yakitawanyika kama kuku waliofukuzwa shambani, huyo kagombana na mkewe. Yakipanda juu kila mara, huyo kanywa bia kabla ya kulenga badala ya baada. Mwaka mmoja alimwambia daktari wa mifugo akapimwe macho. Daktari akanuna wiki tatu, kisha akaenda, akakutwa na mtoto wa jicho. Hakumshukuru. Ila tangu siku hiyo kadi zake huziwasilisha kwa mikono miwili.

Mwezi wa tatu mjukuu wake Vroni alitimiza miaka kumi na miwili, umri ambao sheria inamruhusu mtoto kulenga kwa bunduki ya hewa. Burgl aliuza ndama mmoja. Alijua vizuri kwamba ndama wa pili hayupo: bunduki itanunuliwa mara moja tu, na ikiwa mbaya, mtoto atashindwa, atachoka, na kufikia majira ya baridi atakuwa amekwisha kuacha. Alikwisha kuwaona wengi wakiacha hivyo, na wote waliambiwa kuwa hawana kipaji.

Aliyejitolea kusaidia kuchagua ni mdogo wake Korbinian, mwalimu mkuu wa chama, mwenye masharubu yaliyopakwa nta. Na ilitokea, kwa bahati tu, kwamba Korbinian alikuwa akiuza bunduki yake mwenyewe.

"Dada, hii ni bunduki ya kimashindano," alisema Ijumaa moja pale ukumbini, akiifunua taratibu kama anayemfunua bibi harusi. Mtutu unang'aa, kitako kina skrubu nane, kila moja na kazi yake. "Euro elfu moja na mia mbili. Bei ya udugu. Mtu wa nje nisingempa."

"Ina uzito gani?"

"Uzito ndio utulivu."

"Nimekuuliza kilo, Korbinian, sikukuuliza mahubiri."

"Tano hivi."

"Na mtoto mwenyewe ana thelathini na nne, akiwa amekula."

"Atakua, dada! Watoto hukua."

"Hukua, ndiyo. Lakini atalenga leo."

Bunduki nyingine ilikuwa ya Ottilie, mke wa mwoka mikate, ambaye binti yake alikwenda chuo mjini Regensburg akaiacha nyuma ya kabati. Ottilie aliileta imeviringishwa kwenye shuka la maua. Fupi, nyepesi, ya kushindiliwa hewa kwa mkono kila risasi, na mti wa kitako chake umekwaruzwa kana kwamba paka amejifunzia kucha hapo. Mia mbili na themanini, pamoja na mkoba.

Wanaume wakaja kutazama, na bila shaka waliitazama ya Korbinian. Fahari ya macho haifilisi duka. Mmoja alizungusha skrubu, mwingine akaipapasa, wa tatu akasema "Mama yangu!" mara mbili. Ile ya Ottilie ilibaki juu ya shuka lake kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

"Mkimaliza kuiposa," alisema Burgl, "mpeni mtoto alenge. Risasi tano kwa hii, tano kwa ile. Halafu nileteeni kadi. Bunduki zenyewe sina haja nazo."

Vroni akaanza na ya Korbinian. Kuibeba, alilazimika kujipinda nyuma na kutoa tumbo mbele kama mjamzito wa mapacha. Risasi ya kwanza ikaingia katikati kabisa. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, Korbinian akaagiza bia. Nne zilizofuata hakuna aliyezishangilia.

Kisha akashika ya Ottilie. Akasimama wima, shavu likalala kwenye mti bila kutafuta mahali. Tano. Hakuna hata moja iliyoingia katikati.

"Si mnaona!" alisema Korbinian. "Sisemi kwa sababu ni yangu."

"Hapana, masikini," alisema Ottilie. "Wewe unasema kwa sababu ya upendo."

Burgl alivaa miwani. Kadi ya kwanza: tundu moja katikati, mengine yameteremka moja baada ya jingine kuelekea chini, kama mtu anayeshuka ngazi na gunia mgongoni. Mikono ilichoka, tena mapema. Kadi ya pili: matundu matano kwenye kona ya chini kushoto, yamebanana hata sarafu moja ingeyafunika yote.

"Korbinian, mdogo wangu, una miaka mingapi ukiwafundisha watoto wa hapa?"

"Thelathini na moja."

"Na siku ya kwanza huwaambia nini? Nimesahau, mimi ni wa kalamu tu."





"Kwanza fungu, matundu yakae pamoja," alisema Korbinian kwa sauti ya chini. "Katikati baadaye. Fungu likibanana, kilichobaki ni kurekebisha kilengeo."

"Sema kwa nguvu, daktari wa mifugo hajasikia."

Watu walicheka, hata Ottilie aliyekuwa amejikaza. Mganga hajigangi, lakini Korbinian si mtu mbaya, ila anavipenda mno vitu vyake. Akaiweka bia chini, akachukua bisibisi, akapiga magoti kando ya mtoto. Akageuza skrubu ya kilengeo kidogo, akamwambia avute pumzi, aitoe nusu. Risasi tano nyingine. Kadi ilipofika kwenye kalamu ya Burgl, fungu lote lilikuwa limehamia katikati.

Burgl akamlipa Ottilie palepale, na shuka akaongezewa bure.

Kabla sahani za soseji hazijaondolewa mezani, Korbinian alikuwa akimsimulia mwenye baa jinsi alivyoigundua ile bunduki ndogo, na jinsi alivyolazimika kumwelewesha dada yake, maana wanawake hupenda vinavyong'aa.

Vroni akamvuta bibi yake mkono. "Bibi, anadanganya! Mwambie!"

"Nenda kamshukuru kwa kukuchagulia."

"Mimi? Nimshukuru?"

"Tena kwa sauti, wasikie wote. Mazoezi ni kila Ijumaa, mtoto wangu, na mwenye gari ni yeye."