Hendeli ya Kisimani

Gari la baba lilinuka samli. Nikisema nilikulia kwenye nyumba yenye gari, enzi ambazo kijiji kizima kilikuwa na baiskeli tatu, watu hudhani nilikuwa mtoto wa mkubwa fulani. Sikuwa. Grisi ilikuwa haipatikani hata mjini Singida, kwa hiyo baba alipaka ekseli na magurudumu samli iliyochacha, na jua la saa saba likishapiga, gari zima linatoa harufu ya maziwa yaliyosahaulika kwenye kibuyu. Mbwa wa mtaa mzima walikuja kulilamba. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nakumbuka nilivyowachukia mbwa wale, kwa sababu kila walicholamba asubuhi baba alikipaka tena jioni, na mimi nilitaka gari lile liondoke leo, si kesho. Sote nyumbani tulitaka hivyo. Mwaka ule hakuna aliyekaa akatulia kwetu. Hata chakula tulikuwa tunakula huku mmoja amesimama mlangoni anatazama mawingu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya zamani, ya zamani hata kwa wakati ule. Lilikuwa mali ya Bwana Rajabali, mwenye duka la Sepuka, na baba alikuwa dereva wake kwa miaka mingi; mimi nimezaliwa huko huko Sepuka, nyuma ya duka. Bwana Rajabali alipofunga duka na kuhamia mjini, pikapu ilikuwa imeshakufa, akaiacha kwenye kibanda. Alimwambia baba, "Athumani, hii chukua wewe. Ukiifufua, pita dukani kwangu mjini nikuone." Alisema akicheka. Baba hakucheka, lakini pia hakulichukua. Gari likakaa. Watu nao hawakulaza damu: kila aliyepita alibandua alichokiona kina kazi nyumbani kwake. Siku baba aliporudi na ng'ombe wanne kulivuta mpaka kijiji kipya tulichohamishiwa, lilikuwa limebaki bodi, injini na mlango mmoja.

Aliyemfanya baba alikumbuke gari lile ni bibi, mama yake. Bibi alikuwa akiishi peke yake kwenye tembe lake, mbali na barabara, mahali ambapo mimi nilikuwa nimefika mara mbili tu nikiwa mdogo sana. Operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika kwao, baba alikuwa safarini. Lori lilikuja asubuhi, bibi yuko jikoni anakoroga uji. Vijana waliokuja na lori walikuwa na haraka, wana nyumba nyingine nyingi za kupitia, wakampandisha juu pamoja na kinu chake, kigoda na kuku sita. Akiwa juu, lori limeshaanza kwenda, ndipo akakumbuka. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini dereva hakusikia au hakutaka kusikia. Alipoteremshwa kwenye kijiji kipya, baba akamkuta ameketi juu ya kinu, na baada ya kuitikia shikamoo, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sikufunga mlango."

Akalisema neno hilo kiangazi kizima. Alilisema akipepeta uwele, alilisema katikati ya mazungumzo ya watu wengine. Nyumba iko wazi. Mtu akiiona nyumba iko wazi atasema wenyewe walikimbia, au wamekufa. Mvua ikiingia kwa mlango, itaozesha nguzo, na tembe likishaoza nguzo udongo wote wa juu unashuka, basi, nyumba imekwisha. Kila asubuhi alifunga kitenge chake: nguo moja safi, unga kidogo, ugoro. Akaketi na kitenge mapajani ameelekea barabara. Baba akitoka, anamuuliza, "Leo?" Baba anajibu, "Bado kidogo, mama." Alikuwa anajilaumu, hilo hata mimi niliona. Hakuwepo siku ile, na hapakuwa na namna ya kurudi nyuma ili awepo.

Mtu atauliza kwa nini asipelekwe na punda. Baba alileta punda. Bibi alimzunguka, akamwangalia, akasema yeye si gunia la mtama. Mkokoteni wa ng'ombe nao aliukataa. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba, na kwa miguu ni mwendo wa siku moja na nusu hata kwa mtu mzima mwenye afya, lakini sababu haikuwa goti. "Nilitolewa kwa gari, watu wakiniona," alisema. "Nitarudi kufunga mlango wangu kwa gari, watu wakiniona." Mama yangu alisema hicho ni kiburi. Mimi nilikiona kuwa haki kabisa, na mpaka leo naona hivyo.

Basi baba akaanza kufuatilia vipande vya gari nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa watu wenyewe walikuwa wametawanywa katika vijiji vipya, ilibidi kwanza amtafute mtu ndipo atafute kifaa. Alirudi usiku, anaondoka kabla hatujaamka. Kifuniko cha rejeta alikikuta kinafunika chungu cha dawa kwa mganga mmoja, na mganga alikataa kukitoa mpaka apate kifuniko kingine kinachobana vilevile. Kioo cha taa kilikuwa kinatumika kunyweshea vifaranga. Matairi mawili yalikuwa yameshakuwa makubazi, yanatembea kwa miguu ya watu na hayarudi tena. Badala yake tulipata mengine mawili chakavu, na moja likajazwa majani makavu kwa kuwa mpira wake wa ndani ulikuwa umekatwakatwa na watoto kutengeneza manati. Betri ya kuazima ilikuwa na nguvu ya kutoa cheche, si ya kuzungusha injini. Petroli alipewa na dereva wa lori la vitunguu kwa majogoo wawili, na mama akanuna siku tatu kwa ajili ya majogoo wale.

Usukani ulikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kiongozi mmoja aliyepita kuhutubia alikuwa amesema kwamba kila mwenyekiti ameshika usukani wa kijiji chake, na mwenyekiti wetu, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alikwenda kuutafuta ili aushike kweli. Aliutundika ukutani ofisini juu ya kiti chake. Baba aliponiambia twende kuuomba nilijificha nyuma ya koti lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Athumani, unataka kunivua madaraka?"

"Hapana mzee. Nataka kumpeleka mama akafunge mlango wake."

Mwenyekiti aliugeukia usukani. Alisema wageni wakija wakakuta ukuta mtupu watasema nini. Wiki nzima baba alichonga usukani wa mti, akausugua kwa mafuta mpaka ukang'aa, na mwenyekiti alipouona aliukubali palepale, akisema huu ndio hasa wa kwetu. Nilicheka nilipofika nyumbani, lakini baba hakuwa na nafasi ya kucheka. Upepo ulikuwa umeshaanza kubadilika, na wenye mashamba walikuwa wanachoma majani.

Kilichobaki ni hendeli, chuma kilichopinda cha kuzungushia injini kwa mbele. Tulijaribu kusukuma gari bila hiyo, wanaume sita, lakini mchanga ulifika vifundoni na injini haikukohoa hata mara moja. Na hendeli hatukuhitaji kuitafuta, kwa sababu mimi nilikuwa naishika kila siku. Ilikuwa kisimani. Kisima cha kijiji kilikuwa kirefu, kamba yake ikizungushwa kwenye gogo, na mpini wa gogo lile ulikuwa ni hendeli ya pikapu ya Rajabali. Mipini ya mti ilikuwa imevunjika miwili, na mmoja uliporudi nyuma ulimng'oa mwanamke meno. Baba alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo. Aliacha ombi hilo liwe la mwisho, maana aliogopa.

Msimamizi wa kisima alikuwa Mama Salome, mwanamke mrefu aliyekuwa akihesabu ndoo za watu kwa macho tu na hakosei. Alimsikiliza baba mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lete gari lako hapa hapa. Zungusha. Likishaguruma, chuma changu kinarudi kwenye gogo, na wewe unakwenda. Watoto hawatakaa bila maji kwa ajili ya mlango." Baba akamwambia, kule gari likizimika hatutaweza kuliwasha. "Basi usilizime," akasema Mama Salome.

Siku iliyofuata tulilivuta gari hadi kisimani. Foleni ya wanawake na ndoo zao ilisubiri, hakuna maji yanayotoka, na kila dakika niliona macho yanakuwa makali zaidi. Baba akaingiza hendeli, akazungusha. Akapumzika. Akazungusha tena, shati limeloa mgongoni. Bibi, akiwa tayari ameketi kwenye gari na kitenge chake, alitazama mbele tu kama abiria aliyekwisha kulipa nauli. Mara injini ikapiga mlio mkubwa, moshi mweusi ukawafunika watu, ndoo zikaanguka, wanawake wakapiga vigelegele huku wanakohoa. Mama Salome alichomoa chuma chake kabla moshi haujatulia.

Safari ile sikuifurahia hata kidogo. Nilikuwa katikati ya baba na bibi, nasikiliza injini. Ikishusha sauti, moyo wangu unashuka nayo. Mguu wa baba ulikuwa juu ya kanyagio la mafuta, na alipopunguza mwendo kwenye makorongo alikanyaga klachi na mafuta kwa pamoja huku ameuma midomo. Tulipita vijiji viwili, na watu walitoka kutazama, na bibi aliwapungia mkono. Kisha vijiji vikaisha, tukaingia kwenye mahame, nyumba baada ya nyumba bila watu, na magugu yamefika kiunoni.

Tulifika saa sita mchana. Baba alisimamisha gari hatua kama thelathini kutoka kwenye tembe, lakini mguu hakuuondoa. Kila alipoulegeza kidogo injini ilianza kufa, anaukandamiza tena. Ile ilikuwa nyumba aliyozaliwa, na hakuweza kushuka. "Mpeleke bibi," aliniambia. "Upesi." Nilimshika bibi mkono tukatembea polepole kwa ajili ya goti lake, na ngurumo ya gari nyuma yetu ilinifanya nitake kumvuta.

Mlango haukuwepo. Niliona kwanza giza, nikadhani uko wazi tu, halafu tukafika karibu, nikaona hakuna kitu. Mtu alikuwa amekuja kuuchukua. Labda umeshakuwa kitanda, au zizi la ndama. Nilipandwa na hasira ambazo sijawahi kuzisahau, nikafungua mdomo nimwite baba, na bibi akanibana mkono hadi nikaumia. Hakulia. Aliingia, akasimama pale jikoni ambapo chungu chake cha uji kilikuwa kimepasuka, akaokota kipande kimoja na kukirudisha chini. Akatoka. Akaupiga ukuta kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyeuzwa.

"Mama!" baba aliita juu ya mngurumo. "Umefunga?"

"Nimefunga, mwanangu!" bibi alijibu, kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado alikuwa nayo. "Twende, mafuta yanaisha!"

Njia nzima ya kurudi nilimwonea bibi hasira. Mimi nilikuwa nachapwa kwa uongo mdogo kuliko ule. Lakini yeye alikuwa amefungua kitenge, anavuta ugoro wake, anamsifu baba kwa udereva, na baba uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze. Petroli ilituishia karibu na kijiji, tukamalizia kwa miguu, bibi akiwa ameegemea bega la mwanawe. Mvua ikanyesha siku chache baadaye, mvua kubwa ya usiku kucha, na mimi nilikesha nikilifikiria tembe. Bibi alilala fofofo. Kitenge kile hakukifunga tena, wala neno mlango hakulitamka tena hadi alipofariki. Gari halikuwaka tena. Watu wakaanza kuja kuomba kipande hiki na kile, na baba hakumnyima mtu.

Sasa mimi ni mwalimu mstaafu na nina gari langu dogo, linalowaka kwa kubonyeza na kuzimika kwa kubonyeza. Njia iliyotutesa ile siku ni ya dakika arobaini. Kifaa kikiharibika nampigia simu fundi, na kesho yake kimefika na basi. Nakiri nimepata mengi, ila sijui leo ni nani kijijini angesimamisha foleni ya maji ili mama wa mtu akafunge mlango, na wakati mwingine najiuliza kama mimi mwenyewe ningesubiri na ndoo yangu. Mwaka jana nilikuwa namrudisha baba kutoka hospitali mjini, amepita miaka themanini, akaniambia nikate kushoto. Tukaenda mpaka pale palipokuwa na tembe la bibi. Ni shamba la alizeti. Nilizima gari, kukawa kimya kabisa, na nilimfungulia mlango ashuke, maana sasa alikuwa na muda wote. Hakushuka. Alitazama alizeti, kisha akaniuliza, bila kunigeukia, kama siku ile mlango ulifungwa vizuri.

"Vizuri kabisa, baba," nikasema. "Niliushika mimi mwenyewe mpaka bawaba zikalia."

"Mlango ule haukuwa na bawaba," alisema. "Tulikuwa tunauegemeza tu, tunauzuia kwa gogo."

Miaka yote ile nilikuwa nimemlinda, nikajivunia kimoyomoyo kwamba namlinda.

"Usihangaike, mwanangu. Macho yangu yalikuwa mazima siku ile. Niliona hakuna mlango tangu tunafika."

"Sasa mbona ulimuuliza?"

"Ili aseme amefunga."