Mama Hawa Hataki Kuhijiwa

Jua lilikuwa la utosini, na Mama Hawa Akumu alikuwa akipanda mwinuko wa kurudi mtaani kwake Huruma amevaa koti zito la marehemu mumewe juu ya buibui. Chini ya koti kulikuwa na sweta. Eldoret ni mji wa wakimbiaji, hakuna anayemshangaa mtu wa mazoezi, lakini huyu alishangaza. Wanariadha walimpita kwa fulana nyepesi, naye akijikokota nyuma yao, jasho linamchuruzika hadi kidevuni.

"Mama Odera, utajipika!" Wacera, jirani yake muuza sukuma wiki, alimpigia kelele kutoka kibandani. "Hiyo koti ni ya baridi ya Julai!"

"Makka ni tanuri, Wacera. Kwetu hapa baridi tupu. Joto nitalizoea wapi, kama si ndani ya koti?"

"Na magoti?"

"Magoti yatajijua."

Magoti hayo yalikuwa na historia. Alikuwa msichana wa Kiluo aliyesilimu alipoolewa, na miaka yote ya ndoa alibeba viazi na kabichi kutoka Soy, gunia mgongoni, akishuka na kupanda malori. Yeye na mumewe waliweka nia ya kuhiji pamoja. Mume akatangulia mbele ya haki, nia ikabaki kwa mjane. Sasa nafasi ilikuwa imepatikana, na mwanawe Odera, mwenye duka la vipuri huko Pioneer, ndiye angemsindikiza. Odera alikwisha kuhiji, njia aliijua.

Kosa, kama lilikuwa kosa, alilifanya mama mwenyewe msikitini. Kiongozi wa msafara, Ustadhi Shaban Wanyonyi, aliwauliza wazee ni nani angehitaji kiti cha magurudumu wakati wa kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, na wa kusai, kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa. Mama Hawa alisimama mbele ya wanawake wote. "Mimi si gunia la kusukumwa," alisema. "Nitakwenda kwa miguu yangu, au nisiende." Wanawake walicheka, naye akaketi na fahari yake. Odera alikuwa upande wa wanaume, akalisikia neno lile na kuliweka akiba.

Basi mchana huo wa koti, Mama Hawa alipofungua mlango wake alikuta wageni: Odera, Ustadhi, na kijana mmoja asiyemjua, nadhifu, kanzu imepigwa pasi. Mezani kulikuwa na soda. Alijua mara moja kuna jambo. Odera hakuwa mtu wa kununua soda.

"Mama, keti kwanza," Odera alisema.

"Nimesimama. Sema."

"Huyu anaitwa Ismail Kinuthia. Yeye amehiji tayari. Tumeonelea akuhijie, Mama. Hija ya badali. Thawabu ni zako, wewe upumzike. Umwambie tu kwa mdomo wako kwamba hujiwezi, na kwamba umemwakilisha."

Koti lilikuwa bado mwilini mwake, likitoa mvuke. Hasira ilimpanda kutoka kwenye yale magoti.

"Mmeonelea," alisema polepole. "Wewe na nani? Mimi ni maiti? Mmekuja kuniosha?"

"Mama, mimi nimeona kule! Nimeona mama wa rika lako akianguka njia ya Mina, watu wanamruka. Joto lile si la mchezo. Na ulisema mwenyewe, kwa miguu yako au usiende."

"Na duka? Duka halimo katika huruma hii?"

Odera alitazama soda. "Duka pia lina shida zake," alisema.

"Afadhali umesema! Kumbe nazikwa ili duka lisifungwe!" Alimgeukia yule kijana. "Na wewe, mwanangu, ungemwambia nini Mungu? Kwamba Akumu hajiwezi, na amepanda mlima leo amevaa koti?"

Kijana alitamani ardhi impasukie.

"Odera, uliniambia mama yako ameridhia," Ustadhi alisema kwa uchungu. "Bila idhini yake haijuzu. Na badali ni ya asiye na tumaini la kuweza." Kisha akamkabili mama. "Lakini ukweli ni ukweli, Mama Hawa. Umbali ule wote kwa miguu, magoti yako hayatafika. Anayeweza kusukumwa kwa kiti bado ni mwenye kuweza. Ukikikataa kiti, unampa mwanao hoja."

Hilo lilimchoma kuliko ile hila ya soda. Alitaka kumfukuza Ustadhi pia. Aliwaza jinsi wanawake walivyocheka, na fahari aliyoketi nayo. Akaketi, goti likalia.

"Kiti nitakikalia," alisema hatimaye, meno yameumana. "Lakini kwamba sijiwezi, sitasema. Na atakayesukuma ni Odera huyu hapa. Duka lifungwe."

Asubuhi iliyofuata Wacera alileta kiti cha magurudumu alichokiazima kanisani kwao, wakifanyie mazoezi. "Mchungaji amesema kikifika Makka kirudi," alitania. Mama Hawa hakucheka. Aliketi, koti lile likiwa mwilini, kama anayekalia miiba. Odera akasukuma, mashimo yakiwarusha, hadi mwinuko ukamshinda nusu ya njia, akasimama anahema.

"Nimechoka, Mama."

"Umechoka nini, na kuna baridi?"

Alishuka mwenyewe, akishika mkono wa kiti. Hakumwambia amemsamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe. Alivua lile koti la baba yake Odera, akamtupia kifuani.

"Vaa," alisema. "Na wewe ujifunze joto."

Kisha akatangulia kwa miguu yake, akichechemea, na Odera akavaa koti, akamfuata na kiti kitupu.